Sura ya Tano: Mtaa Unavyojivika

Jumamosi alasiri, jua likishapoa, wapiga picha hujipanga mbele ya maduka ya Taikoo Li, eneo la Sanlitun, mashariki mwa Beijing. Wengi ni wanaume wa makamo na wastaafu, mikononi wameshika kamera zenye lenzi ndefu za kupigia picha za mpira. Msichana mwenye koti la ngozi lililopita magoti anapokatiza uwanja, lenzi kadhaa humfuata kwa pamoja. Akipenda, hupunguza mwendo, hurusha nywele nyuma, hutupa jicho upande wa kamera mara moja tu, kisha hushika njia yake kana kwamba hakuona mtu. Jioni hiyohiyo video yake, imepunguzwa kasi na kutiwa muziki, inazunguka kwenye mtandao wa video wa Douyin, na watazamaji wanaulizana koti lile linauzwa wapi.

Maduka hayo yalifunguliwa mwaka 2008, mwaka wa Olimpiki ya Beijing. Kufikia 2020 video za Sanlitun zilikuwa zimevuka hadi TikTok na kuwashangaza vijana wa Ulaya na Marekani, ambao wengi wao waliijua China kwa sare na nguo feki. Wakati huo biashara ilikuwa imeshaingia kati. Wauza nguo wa mtandaoni huwalipa wanamitindo wapite pale wakijifanya wapita njia, na wapiga picha wanajua zamu zao. Chengdu ina Taikoo Li yake, jirani na hekalu la Daci. Shanghai ina barabara ya Anfu, yenye miti, mikahawa na kamera vilevile. Kuanzia Januari 1, 2021, Sheria ya Kiraia ya China inakataza kupiga na kusambaza sura ya mtu bila ridhaa yake, hata kama mpigaji hatafuti faida. Mwanamke asiyetaka kuonekana ana haki ya kudai picha yake ifutwe.

Hapo ndipo wageni wengi huanzia wanapozungumzia mitindo ya China, na wengi huishia hapohapo. Ni hasara kubwa. Sanlitun ni dirisha la duka. Mambo yaliyobadilisha kweli namna Wachina wanavyovaa yalitokea kwenye mabweni ya viwanda, kwenye majumba ya kuteleza kwa viatu vya magurudumu, kwenye wilaya za vijijini ambazo hata Wachina wenyewe hawakuzijua, na mwanzo kabisa kwenye foleni ya kitambaa.

Tangu 1954 hadi mwisho wa 1983, kitambaa China kilinunuliwa kwa kuponi. Fedha peke yake haikutosha: bila kuponi, muuzaji hakuwa na ruhusa ya kukata hata nusu mita. Familia zilikusanya kuponi za mwaka mzima ili kumshonea bwana harusi suti moja, na nguo ya kaka ilishuka kwa mdogo wake, kisha kwa anayemfuata, ikizidi kupata viraka. Watu wa Shanghai, wanaosifika kwa kujali mavazi, walipata ufumbuzi unaostahili kuwekwa makumbusho: kola bandia. Ilikuwa shati lisilo na mikono wala nusu ya chini. Fundi alishona kola kamili, iliyokazwa vizuri, akaongeza vipande vifupi vya kifua na mgongo vyenye vifungo viwili vitatu mbele, kisha mikanda ya kupitisha kwapani ili isipande shingoni. Ukiivaa ndani ya sweta, kilichoonekana ni ukosi mweupe uliopigwa pasi. Ilimaliza kitambaa kidogo sana, na aliyekuwa nazo tatu alionekana ana mashati matatu.

Uhaba huo haukuwa wa uchumi peke yake. Mwaka 1963 Wang Guangmei, mke wa Rais Liu Shaoqi, alifuatana na mumewe katika ziara ya Indonesia akiwa amevaa qipao, lile gauni la kubana lenye mpasuo pembeni. Miaka minne baadaye, katika Mapinduzi ya Utamaduni, Walinzi Wekundu walimsimamisha mbele ya umati mkubwa katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, wakamlazimisha kuvaa qipao na viatu virefu, na shingoni wakamtundika mkufu wa mipira ya tenisi ya mezani kama dhihaka ya lulu zake. Ilikuwa Aprili 1967. Kila mwanamke aliyeisikia habari ile alielewa kuwa gauni linaweza kuwa ushahidi mahakamani. Mitaa ikabaki na rangi tatu: bluu, kijivu na kijani cha jeshi.

Katika miaka hiyohiyo ya kubana kitambaa, mafundi wa Kichina walikuwa Ubungo, Dar es Salaam, wakifunga mitambo ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968. Kanga na vitenge vilivyotoka pale vilikuwa na rangi ambazo mke wa fundi aliyeachwa nyumbani hakuweza kuzivaa.

Machi 1979 Mfaransa Pierre Cardin aliandaa onyesho la mitindo katika Jumba la Utamaduni la Makabila, Beijing. Wanamitindo walikuwa Wafaransa na Wajapani, na watazamaji walikuwa waalikwa wa serikali na wa sekta ya nguo, wengi wao wamekaa na makoti yao ya bluu. Vitabu vya mitindo hupenda kulitaja onyesho hilo kama mwanzo wa kila kitu. Lakini vijana wa mitaani hawakualikwa, na walikuwa na shughuli zao. Walikuwa wameshaanza kuvaa bugaluu, suruali zilizobana mapajani na kufunguka miguuni, na katika baadhi ya shule na viwanda walinzi walisimama getini na mkasi kuzikata. Mwaka 1980 televisheni ya taifa ilipoonyesha tamthilia ya Kimarekani kuhusu mtu aliyetoka Atlantis, miwani mikubwa ya jua ya mhusika mkuu ilizagaa mijini kote. Wavaaji hawakubandua ile karatasi ya nembo kwenye kioo. Waliona nusunusu, lakini kila mtu alijua miwani imetoka nje.

Kufikia 1984 sinema nzima ilitengenezwa kuhusu mafundi wa kike wa kiwanda cha nguo Shanghai na gauni jekundu. Wasichana wake hukutana bustanini kushindana nani kavaa vizuri zaidi. Kuponi zilikuwa zimefutwa mwaka mmoja kabla.

Miaka ishirini baadaye, kusini mwa nchi, likatokea kundi ambalo bado halijapewa heshima yake. Mamilioni ya vijana wa vijijini walikuwa wamejaa kwenye viwanda vya mkoa wa Guangdong, wengine wakiwa wameacha shule wakiwa wadogo mno. Walishona, walichomelea, waliunganisha vifaa vya simu, zamu baada ya zamu, wakilala kumi chumba kimoja. Mjini hakuna aliyewatazama. Basi wakajitengenezea vichwa visivyoweza kupitwa bila kutazamwa. Nywele zilikuzwa, zikapakwa zambarau, kijani au nyekundu, zikachanwa juu kwa chanuo na spreyi hadi zikasimama kila upande. Macho yakazungushiwa wanja mzito. Midomo ikatiwa rangi nyeusi. Waliitwa shamate.

Anayejulikana zaidi ni Luo Fuxing, mzaliwa wa Meizhou mwaka 1995, aliyeongoza makundi yao kwenye mtandao wa QQ tangu akiwa mtoto. Mtengeneza filamu Li Yifan aliwafuata yeye na wenzake, akatoa filamu ya hali halisi mwaka 2019. Humo vijana wanaeleza kwa maneno ya kawaida kabisa kwamba nywele zile ziliwapa ujasiri: mtu mwenye kichwa kama hicho alionekana mkorofi, kwa hiyo matapeli wa stendi na wababe wa mtaani walimwacha. Kwa mtoto wa miaka kumi na minne aliyeshuka basi peke yake katika jiji la viwanda, huo ulikuwa ulinzi.

Mji wenye elimu uliwacheka. Kisha kicheko kikageuka uonevu. Watu walijipenyeza kwenye makundi yao ya QQ ili kuyavunja, na barabarani wengine walipigwa au kukatwa nywele kwa nguvu. Viwanda vikakataa kuajiri wenye nywele za rangi. Katikati ya miaka ya 2010 wengi walikuwa wameshanyoa. Hata hivyo, katika mji wa Shipai, Dongguan, waliobaki waliendelea kukutana bustanini sikukuu ya taifa, Oktoba 1, ambayo kwa wengi wao ilikuwa mojawapo ya mapumziko machache ya mwaka. Wabunifu wengi wa kisasa wa China wamesomea London na New York, nao wanafanya kazi nzuri. Lakini mtindo wa kwanza wa vijana uliozaliwa ndani ya China mpya, bila kampuni wala jarida nyuma yake, ulianzishwa na vibarua wasio na hela ya kununua koti jipya. Walitumia nywele kwa sababu nywele hazina bei.

Historia rasmi ya mitindo hupenda tarehe nyingine: Februari 2018, New York. Li Ning, mwanamichezo wa jimnastiki aliyetwaa medali sita, tatu za dhahabu, katika Olimpiki ya Los Angeles ya 1984, alianzisha kampuni ya mavazi ya michezo mwaka 1990. Kwa miaka mingi nguo zake zilionekana kuwa za mtu asiye na uwezo wa Nike. Kisha kampuni ikapanda jukwaa la New York na sweta nyekundu na njano zenye maandishi makubwa ya Kichina kifuani, mtindo wa sare za timu ya taifa za zamani. Vijana waliokuwa wakificha nembo ya nyumbani wakaanza kuitanguliza. Wachina huliita wimbi hilo guochao.

Lilikuwa na upepo wa siasa nyuma yake. Novemba mwaka huohuo Dolce & Gabbana walilazimika kufuta onyesho kubwa Shanghai baada ya matangazo yao ya Mchina anayehangaika kula piza kwa vijiti kuwaudhi watu. Machi 2021 H&M iliondolewa kwenye majukwaa ya ununuzi ya China kwa sababu ya msimamo wake kuhusu pamba ya Xinjiang. Kuvaa cha nyumbani kukawa kauli. Hata ngazi ya juu ya nchi ilikuwa imeshaonyesha njia: Machi 2013 Peng Liyuan, mke wa Rais Xi Jinping, aliposhuka kwenye ndege Moscow, kabla ya kufika Dar es Salaam siku mbili baadaye katika ziara hiyohiyo, koti na mkoba wake vilitoka kwa kampuni ya Exception ya Guangzhou. Tovuti ya kampuni ilizidiwa na wateja.

Hanfu, mavazi ya kale ya Wahan, ni habari ndefu zaidi, na ya kuvutia zaidi. Mwaka 1645 watawala wa Qing, waliotoka kwa Wamanchu, waliwaamuru wanaume wa Kihan kunyoa paji na kusuka mkia wa nywele, na mavazi yao ya kale yakaanza kutoweka. Novemba 2003 fundi umeme mmoja wa Zhengzhou alitoka nyumbani akiwa amevaa joho la mikono mipana la enzi za kabla ya Qing, akatembea katikati ya jiji mchana kweupe. Baadhi ya watu walimdhania amevaa kimono cha Kijapani. Gazeti moja la Singapore liliandika habari zake, wapenzi wa mavazi hayo wakajuana mtandaoni, na miaka ishirini baadaye vijana waliofika Luoyang au Xi'an walikodi hanfu, wakapambwa nywele kwa saa nzima, na kupiga picha penye kila lango la kale.

Kipande kilichotoka kwenye makumbusho na kuingia kwenye mabasi ya Beijing ni mamianqun, sketi ya enzi za Ming na Qing. Ikiwa imetandazwa mezani ni vipande viwili vya kitambaa visivyoshonwa pamoja, vimeshikwa na mkanda mmoja wa kiunoni. Kila kipande kina sehemu bapa kila mwisho na marinda katikati. Unapojifunga, sehemu bapa za mbele hulaliana, za nyuma hulaliana, na marinda hubaki nyongani. Ukisimama, sketi inaonekana ubao mnyoofu wenye pambo la dhahabu. Ukipiga hatua, marinda hufunguka pande zote mbili. Umbo lake halizuii mguu kupiga hatua, na ndiyo maana msichana wa 2024 anaweza kuivaa na fulana na raba, akakimbilia treni.

Julai 2022 wanafunzi wa Kichina walisimama nje ya duka la Dior, barabara ya Champs-Élysées jijini Paris, wakilalamikia sketi iliyouzwa dola 3,800. Dior waliiita umbo la kwao. Wanafunzi waliona mamianqun: mpasuo mbele na nyuma, sehemu bapa, marinda pembeni. Walikuwa na haki ya kukasirika, na hasira yao ilifanya kazi ambayo tangazo lisingeweza: mauzo ya sketi hiyo nyumbani yakapaa.

Nyingi zilishonwa wilaya ya Cao, mkoani Shandong. Wilaya hiyo ya wakulima ilijulikana, kwa waliowahi kuisikia, kwa majeneza ya mbao nyepesi yanayouzwa Japani. Katika mji mdogo wa Daji, wanakijiji walishona mavazi ya maigizo ya shule na kuyauza kwenye soko la mtandaoni la Taobao. Janga la UVIKO-19 lilipofunga shule, maigizo yakafa, vyerehani vikasimama. Wakahamia hanfu. Mashine za kutarizi zinazoongozwa na kompyuta zikajaa kwenye nyumba za kijijini, na vijana waliokuwa wamekwenda mijini wakarudi kuuza mubashara mbele ya simu. Mei 2021 jina la Cao likawa gumzo la nchi nzima, mwanzoni kwa mzaha. Wapenzi wa hanfu wa mwanzo walinung'unika kwamba poliesta ya Cao inashusha hadhi ya vazi. Lakini kwa sketi ya bei nafuu, msichana wa duka la dawa alivaa mwaka mpya kile ambacho zamani kilihitaji hariri na fedha za afisa. Hilo lina uzito kuliko usafi wa nyuzi.

Kusini, kasi ni ile ile. Karibu na soko kubwa la vitambaa la Zhongda, Guangzhou, karakana za familia za kutoka Hubei hupokea picha ya nguo iliyovuma na kuishona ndani ya siku chache. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaopita mitaa ya Sanyuanli na Xiaobei jijini humo na simu zao hununua kutoka mnyororo huohuo, kwa hiyo suruali iliyoonekana Sanlitun inaweza kuning'inia mtaa wa Kongo kabla Paris haijaiandika.

Mipaka ipo, na mara nyingi huchorwa ghafla. Baada ya shindano la muziki wa rap la 2017 kuleta makoti mapana na mikufu kwenye kila simu, mwanzoni mwa 2018 wasimamizi wa utangazaji walipiga marufuku michoro ya mwilini kwenye runinga. Mwaka uliofuata masikio ya wanaume wenye hereni yalianza kufunikwa kwa ukungu. Agosti 2022 msichana aliyevaa kimono akipiga picha kwenye mtaa wa migahawa ya Kijapani jijini Suzhou alikamatwa na polisi. Septemba 2023 rasimu ya sheria ilipendekeza adhabu kwa mavazi yanayoumiza hisia za taifa. Wananchi walituma maoni kwa makumi ya maelfu, na wanasheria wakauliza hadharani nani atapima hisia hizo. Rasimu ya mwaka uliofuata haikuwa na maneno yale.

Wazee nao wameingia. Machi 2015 Wang Deshun, mwigizaji aliyekaribia miaka 80, alitembea jukwaani Beijing kifua wazi, nywele nyeupe zikimwangukia mabegani, mwili wa mtu anayefanya mazoezi kila siku. Waliozoea kuwaona babu zao na koti la kijivu walishtuka kwa furaha.

Kisha fedha zikapungua mifukoni. Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini ulifika asilimia 21.3, na serikali ikasimamisha kwa muda kutoa takwimu hizo. Majira ya baridi ya mwaka huo majaketi ya manyoya ya bata yalitangazwa kwa yuan 7,000. Wanafunzi wa vyuo wakarudi kwenye koti la kijani la jeshi lililojazwa pamba, lenye vifungo vya shaba na kola ya manyoya bandia, lile la babu, linalouzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Walilivaa makundi kwa makundi darasani, wakapigiana picha.

Machi 2024 wafanyakazi vijana walianza kurusha mtandaoni picha zao wakiwa kazini na pajama, ndara za manyoya na glavu zisizofanana, wakishindana nani amevaa vibaya zaidi. Kabla ya maonyesho ya dunia ya 2010, Shanghai iliendesha kampeni ya kuwataka wakazi wasitoke nje na pajama. Januari 2020 jiji moja la Anhui lilitundika mtandaoni picha za watu waliotoka na pajama, pamoja na majina yao, likalazimika kuomba radhi. Safari hii pajama ziliingia ofisini mpaka kwenye kiti cha kazi, na walipoulizwa na mabosi kwa nini, vijana walijibu kwamba mshahara wanaolipwa hautoshi kununua nguo za kujipambia kazini.